Mbolea ya samaki ilivyonilipukia siku ya posa ya binti yangu, hapa Mabawa

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenye majina humu na nyie mnaochungulia bila kujisajili.

Mie ni fundi cherehani, nipo Tanga mjini, Mabawa, na mwaka huu natimiza hamsini na mbili. Humu huwa nasoma tu na kucheka na mambo ya wenzangu. Leo nimeona zamu ya kuchekwa ni yangu.

Ninayoyaandika yametokea, sio chai. Majina nimeyabadilisha kidogo kwa sababu mke wangu ana mashemeji humu, na wengine wana midomo.

Mambo yalianzia kliniki.

Nilikuwa nasikia kichwa kizito upande wa kisogoni. Nikasema ni miwani. Fundi unainamia sindano kutwa nzima, kichwa kitaacha kuuma? Binti yangu Rukia hakutaka kusikia, akanipeleka kupimwa kama mtoto anayepelekwa chanjo.

Nesi akapima mkono wa kulia, akaitazama mashine, akanitazama mie, akapima na wa kushoto. Presha.

Nikapewa vidonge vya kumeza kila siku na nikapewa na maneno: punguza chumvi, kula mboga za majani, tembea, usigande kwenye kiti.

Wakuu, katika yote yale mie nilisikia neno moja tu. Mboga.

Nyumba yangu ina kijinafasi upande wa dirisha la sebuleni, kati ya ukuta wa nyumba na uzio. Upana wake ukilaza kitanda cha futi nne, umemaliza. Nikasema panatosha. Nikapiga matuta matatu: mchicha, matembele na nyanya.

Mbegu nilinunua kwa Bhai Murtaza, mwenye duka la misumari, majembe na madawa ya mimea kule Ngamiani. Ni Mhindi wa hapa hapa, babu yake kazaliwa Tanga, na Kiswahili chake kinanishinda mie.

Mchicha ukatoka. Sijui niwaelezeje. Mtu niliyezoea kukata vitambaa vya watu maisha yangu yote, leo nakata kitu nilichokiotesha mwenyewe. Nikawa naamka naenda kuutazama kabla ya chai. Nikawa naula mchana na jioni. Mteja akija kupima suruali, kwanza namzungusha dirishani aone matembele.

Mwezi ukapita, kichwa kikawa chepesi. Nikajiona daktari.

Hapa ndipo mtanitukana, na mnitukane tu. Niliwaza hivi: kama dawa ni mboga, na mboga ninazo, vidonge vya nini tena? Nikaviacha.

Sikumwambia mtu. Vidonge nikavitia kwenye kopo la vifungo, chini ya meza ya cherehani, mahali ambapo mke wangu hagusi. Kila asubuhi Mama Rukia ananiuliza, "Umemeza?" Naenda mezani, natikisa kopo, nakunywa maji, narudi. Mlio wa vifungo na mlio wa vidonge haipishani sana.

Tuendelee na shamba.

Mchicha haukuwa na tatizo, tatizo lilikuwa nyanya. Majani yakaanza kuwa manjano, miche imesimama kama inasubiri kuambiwa. Nikarudi kwa Bhai Murtaza na jani mkononi.

Akalitazama akasema, "Fundi, udongo wako umechoka. Usinunue mbolea ya kiwandani, weye bado mchanga. Chukua matumbo ya samaki, tia kwenye ndoo na sukari guru na maji kidogo. Weka kivulini, funika na kitambaa, kila siku koroga. Baada ya wiki tatu chukua kikombe kimoja, changanya na maji ndoo nzima, ndiyo umwagilie. Sawa?"

"Sawa."

"Kitambaa, fundi. Usije ukaibana na kifuniko, ile inatoa hewa."

"Nimekuelewa, Bhai."

Nilimwelewa kabisa. Naomba hilo liandikwe.

Wiki ile nilikuwa na sare za shule za kupeleka Kigombe. Nikamaliza kazi, nikateremka ufukweni wanakopara samaki, nikawaomba akina mama pale matumbo. Mama mmoja akanijazia mfuko mpaka juu, akaniuliza, "Baba, una paka wangapi?"

"Sina paka. Nina nyanya."

Akanitazama, akamtazama mwenzake, akanifunga mfuko vizuri na hakuniuliza tena.

Kurudi mjini dereva wa bodaboda alinitaka niushike ule mfuko kwa mkono ulionyooka, mbali na yeye. Safari yote mkono umenyooka kama naonyesha njia.

Nikatengeneza kama nilivyoelekezwa. Ndoo ya rangi ya lita ishirini, sukari guru, maji, kitambaa juu. Nikaiweka bustanini, chini ya dirisha la sebule. Kivuli hakikuwepo, ila nikaona jua la Tanga ni lile lile popote utakapokaa.

Siku ya tatu Mama Rukia akatoka nje, akasimama mbele ya cherehani mpaka nikanyanyua kichwa.

"Baba Rukia, ile ndoo na mie, mmoja ahame."

"Ni mbolea ile, mama."

"Wiki ijayo wageni wa Pangani wanakuja kumposa mwanao. Wakae sebuleni na harufu hiyo?"

Kweli. Rukia alikuwa amepata mchumba, fundi umeme, kijana mpole, kwao Pangani. Wazee wake walikuwa wameshatuma habari kwamba watakuja. Na Mama Rukia alikuwa ameanza kufua mapazia tangu habari ilipofika.

Nikafikiria. Kumwaga mbolea siwezi. Kuihamisha, sina pa kuipeleka, jirani wa kushoto na wa kulia wote nimeshawashonea vibaya kwa nyakati tofauti, hatuna urafiki wa kuombana nafasi ya ndoo.

Basi nikachukua kifuniko cha ile ndoo, nikakigonga mpaka kikaingia vizuri. Nikazungushia selotepu mara nne. Paka walikuwa wanakuja kuikwaruza, nikaweka na tofali juu.

Harufu ikakata kabisa. Mama Rukia akafurahi. Mie nikafurahi. Kazi yangu ni kuziba mishono, nikiziba kitu kimezibika.

Wakuu subirini, kuna mteja.

Nimerudi. Zipu tu.

Siku zikaenda. Kama siku moja kabla ya wageni nilipita pale nikaona kifuniko kimevimba kama andazi, tofali limekaa upande. Nikasema moyoni, mbolea inaiva. Nikalisawazisha tofali likae katikati.

Siku yenyewe wageni walifika baada ya Alasiri. Watatu: mshenga wao, anaitwa Mzee Hatibu, mtu mzima mrefu, kanzu nyeupe inang'aa, baba mdogo wa kijana, na shangazi yake, Bi Zuhura, mama ambaye tangu anaingia hakucheka na mtu. Upande wetu msemaji alikuwa kaka yangu mkubwa, Bakari. Yeye alikuwa ameniambia mapema, "Mie ndiye nitakayesema. Weye kaa, itikia kwa kichwa."

Mzee Hatibu tukampa kiti cha heshima. Kiti cha heshima sebuleni kwangu ni kile cha dirishani, penye upepo.

Naona mmeshaanza kuelewa.

Kaimati zikaletwa, juisi ya ukwaju ikaletwa, tukaulizana hali za huku na za Pangani. Kisha Mzee Hatibu akakohoa, akatoa barua iliyofungwa kwenye leso, akaiweka mapajani. Akaanza.

"Ndugu zetu, sisi tulikuwa wapita njia. Katika kupita kwetu, tukaona kwenye bustani yenu ua. Ua lile limetupendeza. Tukasema tusipite kimya, tubishe hodi, tuwaulize wenyewe."

Wakuu, mie najua lugha ya posa. Nimewahi kuposa, nimewahi kwenda kuposea wenzangu. Lakini ndiyo kwanza mtu amefika nyumbani kwangu na kuitaja bustani mwenyewe bila kuzungushwa dirishani.

Nikasema, "Hilo ua la nyanya, mzee. Limetoka juzi. Ila nisikufiche, majani yana manjano kidogo, nimeshalitafutia mbolea."

Bakari akanikanyaga. Bi Zuhura akatazama dari. Mzee Hatibu akameza mate, akasema taratibu, "Ua tunalolizungumzia sisi halina manjano."

"Halina," Bakari akadakia haraka. "Ua hilo lipo, lina afya, na wenyewe ndio sisi. Tungependa kujua mmekuja na..."

Hakumaliza.

Mlio ule mie naufananisha na tairi la lori likipasuka. Tofali tulilisikia likitua juu ya bati la bafu. Kisha dirishani kukaingia kitu. Sio vipande, ni kitu kizima, kizito, cha rangi ya kahawia, kikapita kwenye pazia lililofuliwa na kumtulia Mzee Hatibu kuanzia kofia mpaka mapajani.

Harufu siielezi. Kuna watu wanasoma humu wakiwa wanakula.

Katika hali kama ile mtu mwenye akili anakimbilia mgeni. Mie nilisimama, nikasema, "Mbolea yangu."

Mama Rukia alisikia kutoka jikoni. Mpaka leo akitaka kunimaliza kwenye mazungumzo yoyote, ananirudishia maneno yale mawili kwa sauti yangu mwenyewe.

Baba mdogo wa kijana alikuwa ameshalala chini, anadhani ni bomu. Bi Zuhura alikuwa amesimama juu ya kochi, kanga ameishika mkononi, anasema pole pole, "Mkosi huu. Mkosi huu. Twendeni zetu." Barua ya posa ilikuwa imelowa mpaka ndani. Halafu wakaingia paka. Paka wa mtaa mzima, wale wa kwenye baraza na wale wa jalalani, wakapita mlangoni kama walioalikwa, wakaenda moja kwa moja miguuni kwa Mzee Hatibu.

Mzee mwenyewe hakusogea. Alikuwa amekaa vile vile, mikono juu ya mapaja, kama anayesubiri kupigwa picha. Ana utumbo wa samaki kwenye sikio.

Nikaona posa imekwisha. Rukia ana miaka ishirini na saba, amempenda kijana wa watu, na baba yake ameiharibu kwa ndoo.

Mara tukasikia kicheko. Kinatoka chumbani, alikokaa Rukia na pazia limeshushwa. Mwari anayeposwa hatakiwi hata kusikika akikohoa. Huyu alikuwa amechungulia, na sasa anacheka mpaka anakosa pumzi, unasikia anajaribu kujiziba na mto na mto unashindwa.

Mzee Hatibu akageuza shingo kule kunakotoka sauti. Bega likaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. Akacheka, ule utumbo ukadondoka sikioni, paka akauwahi, basi tena. Tukacheka wote, hata baba mdogo pale chini. Bi Zuhura peke yake ndiye alibaki juu ya kochi.

Tukampeleka mzee bafuni, ndoo tatu za maji, sabuni na ndimu. Mie nikakimbilia kazini kwangu nikachukua kanzu ya mteja iliyokuwa tayari kwa Ijumaa. Mteja ni mfupi. Mzee Hatibu akatoka bafuni kanzu imeishia chini kidogo ya magoti, kama kijana wa madrasa aliyerefuka ghafla.

Nikamwambia, "Mzee nisamehe, nipe dakika kumi niiteremshe pindo."

Nikachukua sindano, nikapiga magoti mbele yake, nikafumua pindo. Kazi ambayo nimeifanya maelfu ya mara. Nilipoinuka, sebule ikazunguka. Nikashika ukuta, ukuta nao ukaenda. Bakari akanidaka.

Kicheko kikakata.

Wakaniketisha. Mzee Hatibu akamwambia baba mdogo amletee mkoba wake. Kumbe mzee yule ni mstaafu wa afya, amefanya kazi zahanati miaka mingi, na yeye mwenyewe ana presha, hivyo mashine anatembea nayo. Akanifunga mkono, akabonyeza. Tukasubiri.

"Mia moja na tisini na mbili," akasema. Sauti ilikuwa sio ya mshenga tena. "Kifua kinauma? Macho yanaona vizuri? Inua mikono yote. Cheka kidogo." Nikafanya vyote. Akasubiri, akapima tena. Ilishuka kidogo, sio sana.

"Dawa unameza?"

Nikamtazama Mama Rukia. Yeye akanijibia, "Anameza, kila asubuhi namsikia."

Ningeweza kunyamaza. Naapa nilitaka kunyamaza. Lakini mtu ambaye umemmwagia matumbo ya samaki ya wiki mbili, halafu amekaa na nguo iliyomwishia magotini anakushika mkono akuhesabie mapigo, huyo humdanganyi.

"Simezi," nikasema. "Nakula mchicha."

Rukia akatoka chumbani. Hakujali wageni, hakujali posa. "Baba, vidonge viko wapi?"

Nikamwambia. Akaenda, akarudi na kopo, akalimwaga juu ya meza ya kaimati. Vifungo vya shati, vifungo vya koti, na katikati yake vidonge vyote vya wiki saba, vingine vimeshachakaa vinafanana na vifungo vya mtoto. Mama Rukia akakaa chini. Akawa anavitenganisha tu kimoja kimoja, vifungo huku, vidonge huku. Wakuu, ningependa angenigombeza.

Rukia alikuwa bado ana machozi ya kucheka usoni, na mapya yakaanza kupita juu yake.

Mzee Hatibu akasema nisimeze kitu kwa papara, nipumzike, kesho asubuhi kliniki na yeye atalala mjini anipeleke mwenyewe, na kichwa kikizidi au ulimi ukiwa mzito, hospitali saa hiyo hiyo. Kisha akajiweka sawa kwenye kiti, akaishika ile barua iliyolowa kwa ncha za vidole.

"Sasa tuendelee na kilichotuleta," akasema. Bakari akamwambia mzee, kwa hali hii tungeahirisha. Mzee akakataa.

"Sisi tumekuja kuposa binti mwenye baba. Yatima hatukumjia. Kwa hiyo kabla hamjatutajia masharti yenu, sisi ndio tunatoa la kwetu. Huyu bwana ameze dawa. Asipomeza, harusi hakuna."

Bakari miaka yote ameposesha watu, hajawahi kuona upande wa mume ukitoa sharti kwa baba wa mke.

Na hapo Bi Zuhura akashuka kutoka kwenye kochi, akafunga kanga yake vizuri, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza bila kutaja mkosi. "Na aape," akasema. "Mbele yetu. Marehemu mume wangu naye alikuwa akinidanganya hivi hivi."

Nikaapa.

Kesho yake mzee akanipeleka kliniki. Daktari akanibadilishia dawa, akanieleza polepole kama ananifundisha kusoma: mboga ni nzuri, ule, ulime, lakini mboga inafanya kazi yake na kidonge kinafanya yake. Kichwa kuwa chepesi sio kipimo. Presha inaweza kuwa juu na wewe unaimba.

Harusi ilifanyika. Mtaani sasa naitwa Fundi Bomu, hata watoto wa shule wananisalimia, "Shikamoo Fundi Bomu," na mie naitikia marahaba, nifanyeje.

Nyanya zilizorukiwa na ile mbolea zilikufa zote ndani ya siku nne. Bhai Murtaza nilipomweleza alifunga duka kwa muda, akakaa chini akacheka, alipomaliza akasema imeziunguza, ilitakiwa kikombe kimoja kwa ndoo nzima ya maji. Nimepanda nyingine. Sasa nafunika na kitambaa.

Basi wakuu, nilichojifunza ndicho hicho, sina maneno makubwa. Kitu kinachochacha kiachie pa kupumulia, na ukiona kifuniko kimevimba usikiongezee tofali. Mtu akikupa maelekezo ya mambo matano, usichague moja unalolipenda ukaliita tiba. Na kama una jambo unamficha mkeo, tafuta pa kuficha pazuri zaidi ya kopo la vifungo, au bora usifiche kabisa.

Presha yangu sasa ipo pazuri. Mzee Hatibu hataki kuliacha jambo hili mikononi mwangu, kila siku baada ya Alfajiri anapiga simu. Hasalimii. Anasema, "Umemeza?" Nasema, "Nimemeza, shikamoo." Anasema, "Marahaba," anakata.

Sasa nisaidieni. Pazia la sebuleni limefuliwa mara tisa, kwa ndimu, kwa siki, kwa sabuni ya unga, likianikwa juani paka bado wanakaa chini yake wanalitazama. Mwenye ujuzi wa kutoa harufu ya samaki kwenye kitambaa kizito ashuke hapo chini aandike.

Na wewe unayesoma huku vidonge vyako vipo kabatini na unajisikia vizuri tu, jitokeze pia. Mie sikuhukumu. Nitachukua tu namba yako nimpe mzee mmoja wa Pangani.